Mikono Ikiinuliwa

Wodi ya wanaume, kwenye kiti cha wageni
Alhamisi mchana

Dada yangu,

Shikamoo. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho nilipokuandikia barua nilikuwa shule ya bweni na nilikuwa nataka dawa ya meno. Ipokee hii hivyo hivyo, na kabla hujaendelea, kaa chini. Nyonga ya mama inaendeleaje? Mpe salamu zangu, na umwambie lile feni asilizime kwa kuvuta waya, nitamtengenezea nikirudi. Mpwa wangu naye hofu ya mitihani imempungua? Na shangazi natumaini ameshafika, maana bila yeye kukaa na mama wewe huwezi kutoka hapo nyumbani, na kutoka inabidi utoke.

Mimi mwilini sijambo. Shemeji yuko vile vile nilivyokueleza jana kwenye simu. Anapumua mwenyewe, kichwa kimefungwa, mguu umefungwa, macho hajafumbua. Daktari akipita anamwita, Mwalimu, Mwalimu, kisha anamfinya kidole na kwenda kitanda kinachofuata. Naandika nimeegemeza karatasi kwenye kabati lake la dawa, kwa hiyo mistari ikipinda usinicheke.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: simu yako unaiweka spika, mama anasikia kila kitu, na akisikia nusu, nusu iliyobaki anaimalizia mwenyewe. Ya pili ni kwamba nimeshajaribu nikashindwa. Kila ukipiga najikohoza, nasema mtandao mbaya. Mtandao wa hapa hauna neno, dada. Kibovu ni mdomo wangu. Kondakta wa basi la asubuhi ameniahidi kwamba bahasha hii atakukabidhi wewe mwenyewe, na kwa kuwa unasafiri Jumamosi, utakuwa umeshaisoma. Nataka uisome kabla hujaniona uso.

Acha nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho nitaichana karatasi.

Ugonjwa wangu wa gofu unaujua, na mnavyonicheka hapo nyumbani pia naujua: fundi wa viyoyozi asiye na fimbo hata moja, anayejua majina ya wachezaji kuliko majina ya majirani. Lakini kumbuka ni wewe uliyenitafutia ile kazi ya klabu ya gofu. Pale ukumbini kwao pana televisheni kubwa kama mlango, na kiyoyozi cha ukumbi ule ndicho pekee ambacho hakijawahi kupona mikononi mwangu, kwa sababu nilikuwa nakitengeneza huku natazama. Hapo ndipo nilipompenda yule mrefu mpole anayepiga kwa mkono wa kushoto, ambaye sisi mashabiki tunamwita Shoto. Anaongoza siku zote, siku ya mwisho anaharibu. Nimelia kwa ajili ya mtu yule, na hata jina langu halijui. Basi nilipopata habari kwamba mashindano yatafanyika kwenye huu mji wa zamani, kwenye uwanja uliopakana na ukuta wa ngome, baharini kabisa, nikasema nitakwenda hata kwa kutambaa.

Aliyenishangaza ni shemeji, kusema tunakwenda wote. Gofu kwake ni watu wazima wanaotafuta kitu walichokitupa wenyewe. Lakini ngome hiyo amewafundisha watoto wa watu miaka nenda miaka rudi kwa picha ya kitabuni, na alitaka kuigusa kwa mkono. Ulitufungia chakula cha njiani, ukanivuta pembeni pale jikoni, ukaniambia nimwangalie mume wako, maana akishaona jiwe la kale haoni anapokanyaga. Nikakujibu usiwe na wasiwasi, niko naye. Nilikuwa natafuna wakati nasema hivyo.

Mji wenyewe ni mzuri, sitakudanganya, ila ulinikaa vibaya tangu tuliposhuka kwenye basi. Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu zimeegemeana, na zile za mtaa wa mbele zote zimezibwa milango ya chini kwa matofali. Shemeji akachangamka, akaanza kunieleza mambo ya vita na kuzingirwa. Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia akamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akasema kwamba hapana, ni maji. Alisema siku hizi bahari haiji kwa juu kama zamani, inapita kwa chini. Watu wa mtaa wa mbele walianza kwa kuhamia ghorofani, kisha wakahama kabisa. Alikuwa anayasema haya huku anakunja mashuka, kama mtu anayeeleza ratiba ya kuzoa taka. Akatupa chumba cha juu, akatuomba tusifungue mlango wa uani. Nilipomuuliza uani kuna nini, akanijibu hakuna kitu, zamani palikuwa na uani.

Sikuupenda usingizi wa nyumba ile. Mezani palikuwa na glasi ya maji, na kila wimbi likipiga huko mbali, maji ya kwenye glasi yanatetemeka kwanza, mlio unakuja baadaye. Shemeji akanifafanulia kwa nini inakuwa hivyo, akafurahi kuieleza, akalala. Mimi nikasogeza kitanda changu mbali na ukuta, na asubuhi akanitania kwamba shabiki wa gofu anaogopa glasi.

Uwanja nao ni hivyo hivyo. Nyasi ni za kupendeza, unatamani kuzilalia, lakini kila mahali utaona miduara ya chokaa, na ndani ya kila mduara kuna tundu ambalo si la gofu. Wenyeji wana utani wao, wanasema mashimo kumi na nane ni ya klabu, mengine yote ni ya bahari. Nilimwona mkata nyasi akimimina toroli zima la mchanga kwenye tundu moja, na mchanga ukashuka bila kujaza kitu. Alipoona nimemkodolea macho akacheka, akasema hili linakula vizuri, akaenda kuleta toroli jingine. Kamati ilikuwa imefunga kamba upande wa uwanjani na kuweka kibao kwamba kupanda ukutani ni marufuku. Upande wa mjini, kwenye ngazi za ngome, hawakuweka kamba wala kibao. Hilo tulikuja kulijua baada ya mambo kuharibika.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo lenyewe. Siku ya kwanza shemeji alinitia aibu. Mchezaji kasimama kwenye mpira, uwanja mzima kimya, yeye akaniuliza kwa ile sauti yake ya darasani kama fimbo zile ni za mti au za chuma. Watu wote wakageuka. Nilitamani nijifiche kwenye mojawapo ya yale matundu. Tulipotoka hapo nikaamua kumfundisha. Nilimweleza kwamba wasimamizi wana kawaida yao: mchezaji akitaka kupiga, wanainua mikono yote miwili juu, na mikono ikiinuliwa kila mtu anaganda. Hapo hapo ulipo, mguu ukiwa hewani uache hewani. Husogei, huongei, hupigi chafya, hata soda hufungui, mpaka umeona mikono imeshuka.

Na sikuishia kueleza, dada. Nilimfanyisha mazoezi kwenye korido ya nyumba ya wageni. Anatembea, mimi nainua mikono ghafla, yeye anaganda. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na ndoo yake anatucheka mpaka anajifuta machozi. Mume wako unamjua kwa kanuni. Mtu anayepanga foleni hata akiwa peke yake. Kufika siku ya pili alikuwa ametushinda sote, anawakata jicho wanaonong'ona. Nilijivunia, nikamwambia sasa amekuwa shabiki kamili, naye akafurahi kama mtoto aliyepewa alama nzuri. Nikikumbuka ile furaha yake moyo unaniuma mno.

Siku ya mwisho, mchana, aliniaga kwamba anakwenda kuitazama ngome, na kwamba akirudi ataniletea soda. Mimi nilikuwa nimeshapata nafasi ya mbele kabisa kwenye shimo la mwisho, chini ya ukuta, na nisingeiacha kwa lolote. Hata sikugeuka vizuri kumjibu. Bahari ilikuwa imejaa pomoni lakini haina mlio, na hilo lilinitia baridi kidogo, nikajiambia ni woga wangu ule ule wa glasi. Shoto alikuwa anaongoza. Alikuwa amebakiwa na pigo moja, mpira uko karibu na shimo, akiusukuma ukaingia, basi, kombe ni lake, na sisi tuliomlilia miaka yote tunapumua. Wasimamizi wakainua mikono. Ule umati wote ukawa kama hakuna mtu.

Ndipo nikamwona shemeji. Alikuwa juu ya ukuta, amepandia upande wa ngome, anakuja kwangu haraka haraka, chupa ya soda kila mkono, uso mzima tabasamu. Mbele yake kidogo palikuwa na mnara wa mawe, mnene, ambao mpaka leo umesimama pale pale. Alikuwa karibu kuufikia. Nami nilipokuwa nimesimama, chini, nililiona tumbo la ukuta, pale unapopindia baharini, likimwaga mawe. Jiwe moja likatoka likaingia majini, likafuata la pili, bila kishindo, taratibu, na juu yake plasta ikafunguka ufa kuelekea miguuni kwake. Yeye asingeweza kuuona. Pale mbele, wa kuuona nilikuwa mimi peke yangu, wengine wote macho yalikuwa kwenye mpira.

Kelele ilinifika kwenye meno. Nasema ilinifika kwenye meno, dada, na nikaimeza. Shoto alikuwa ameshainamia mpira. Wazo lililonijia, na nakuandikia kama lilivyokuja ili unione nilivyo, ni kwamba nikipiga kelele na akakosa, basi mimi ndiye nitakuwa mtu aliyemharibia Shoto, nitaonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima. Nikaona nitumie njia ya kimya kimya. Nikainua mikono yangu yote miwili juu, nikiwa na maana ya kumwambia atoke hapo, akimbie.

Akaniona. Dada, akaganda. Pale pale, mguu mmoja mbele, kama nilivyomfundisha kule koridoni. Akanitazama kwa macho ya kuniambia ameelewa, kisha akazisogeza zile chupa kifuani na kuzibana, zisigongane. Angekuwa mtu asiyejua lolote kuhusu gofu angeendelea kutembea na angefika kwenye mnara. Angekuwa mkaidi leo angekuwa mzima, anakupigia simu mwenyewe kukusimulia ngome.

Ninayokuandikia sasa sijamwambia mtu. Nilipoona amesimama, nilikuwa bado na nafasi ya kupiga kelele. Sikuitumia. Niligeuza shingo nikatazama mpira. Mikono yangu bado iko juu, mume wako yuko juu ya ufa anasubiri niishushe, na mimi natazama mpira. Ulizunguka mdomo wa shimo, ukasita, ukaingia. Watu wakalipuka kwa shangwe, nami nikapiga yowe pamoja nao, sauti ile ile niliyokuwa nimemnyima yeye. Nilipogeuka tena, pale alipokuwa pana pengo, na kwenye pengo hilo unaona bahari.

Jinsi walivyomtoa chini ya mawe nilishakueleza. Uliniuliza kwenye simu kama nilimwona akianguka, nikakujibu sikumwona. Polisi waliniuliza hivyo hivyo, nikawajibu hivyo hivyo, wakaridhika. Si uongo. Mpira niliuona ukiingia, yeye sikumwona akianguka. Nimekuwa nikijificha nyuma ya jibu hilo kama mwizi nyuma ya pazia, na miguu inaonekana. Na kuna jambo linalonikera zaidi: kamati wanatangaza kwamba mgeni alikaidi kibao, na hapa hospitalini hata mfagiaji anamwita yule mwalimu mkaidi. Nasikia, nanyamaza. Mume wako hajakaidi kitu. Alitii, na aliyemwamuru ni mimi.

Naacha kidogo, nesi ananiita.

*

Ni jioni sasa. 

Amefumbua macho. Nesi alikuwa anamfuta uso, akaona kope zinacheza. Nilipofika alikuwa anatazama dari, kisha akanitafuta, akanipata. Midomo imempasuka. Nikainama, naye akaninong'oneza kwa ile sauti ya chini kabisa, ya uwanjani, akaniuliza kama Shoto ameshapiga. Nikamwambia ameshapiga. Akaniuliza kama sasa anaweza kusogea. Nikamwambia ndiyo, shemeji, sogea. Akajaribu, na mguu haukwenda.

Daktari amekuja, amefunua bandeji, amenitoa nje kuzungumza. Anasema mguu ule umeoza kwa ndani na sumu inapanda, na kwamba hata wakiukata hawezi kuniahidi kitu, kwa kuwa homa yake haishuki na moyo umechoka. Anataka mtu wa nyumbani mwenye kauli. Nimemwambia mwenye kauli ni mke wake, anafika Jumamosi, mimi sina. Hilo la mguu nitakupigia usiku huu huu, na mama akisikia, asikie. Lakini haya mengine yote siyasemi kwenye simu, yako humu tu.

Kuna la mwisho, nalo ni la leo, si la siku ile. Kabla hajalala tena, shemeji alimweleza nesi, kwa shida, neno moja moja, kwamba mimi, shemeji yake, nilimwona na nilimwonya, ila yeye ndiye hakuelewa. Akasema mpaka akawa anaomba radhi, ananiomba mimi. Nesi akanigeukia, akaniambia hongera, ulifanya uwezalo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo ubavuni pa kitanda, ulimi ninao, nikakubali kwa kichwa. Kwa hiyo nimemnyamazia mara mbili, na mara hii hapakuwa na mtu anayecheza. Akiwa na nguvu atakuambia maneno hayo hayo, atajiita mjinga mbele yako. Usikubali ajiite hivyo. Mimi nitajitahidi nimwambie kabla hujafika, lakini nikuambie ukweli, naogopa atakufa nikiwa bado najitahidi, na zaidi naogopa kwamba kuna pembe moyoni mwangu inayoomba iwe hivyo. Hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Msalimie mama, umwambie namwombea nyonga ipone. Mpwa wangu mwambie baba yake ameuliza habari za mitihani. Hajauliza, lakini angeuliza. Shangazi mshukuru kwa kuja. Usisahau kubeba nguo nzito, wodini usiku pana baridi, nacho kiyoyozi chao ni kibovu na sijakigusa.

Jumamosi nitakuwa stendi kabla basi halijaingia. Ukiona hutaki kuniona, mwambie kondakta anipigie, nitaondoka, na mama mwenye nyumba ya wageni atakuja kukupokea na kukupeleka wodini. Na ukinikuta nimesimama pale, ukataka kunipigia kelele mbele za watu, nipigie, dada. Usinionee haya, usisubiri tufike ndani.

Mdogo wako,
Fundi Baridi